Uzi wa Shira

Mwanangu, kaa kwanza. Simu ilaze hapo mezani, haitakukimbia. Chai ipo kwenye chupa. Visheti hivi ni vya juzi, lakini bado vinakatika vizuri menoni.

Kila kijana anayekuja kuniuliza mapishi huanza na swali moja: dakika ngapi? Shira ichemke dakika ngapi, unga uumuke dakika ngapi, sambusa zikae kwenye mafuta dakika ngapi. Sikulaumu. Nimefundisha sayansi kimu zaidi ya miaka 30, na ni mimi niliyekuwa naandika dakika hizo ubaoni kwa chaki. Wanafunzi wakanakili, wakafaulu mtihani. Halafu wengine wakarudi, wameshaolewa, wakaniambia: Mwalimu, kaimati zangu zinalala bapa na kunywa mafuta. Dakika zangu hazikuwa za uongo. Lakini jiko la mkaa la Ngamiani, hapa Tanga, si jiko la gesi la Dar es Salaam, na unga wa mwezi wa saba, kukiwa na baridi, hauumuki kama unga wa mwezi wa pili. Hilo sikuliandika ubaoni. Ndiyo maana nakwambia sasa.

Nikwambie mimi nilijifunzaje. Ulikuwa mwaka 1982, hapahapa Tanga, nina miaka 16. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitatu nyuma, na madukani hakuna kitu. Sabuni shida, mafuta ya kupikia shida, sukari ndiyo usiseme. Watu walikuwa wanapanga foleni kabla ya jua kutoka, mwingine anaacha kikapu chake kimshikie nafasi akawahi kunyonyesha. Mama alihangaika siku mbili akapata kilo moja ya sukari. Ilikuwa Ramadhani. Akaniambia, "Leo shira upike wewe, umeshakuwa mtu mzima." Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Nikajaza makaa kwenye seredani mpaka juu. Nikatia sukari na maji, nikashika mwiko, nikakoroga. Nikakoroga tena. Nilidhani kupika ni kukoroga. Shira ikaanza kufanya chengachenga, nikaogopa, nikaongeza moto. Kisha rafiki yangu akaniita ukutani, nikaenda "mara moja". Unajua "mara moja" ya binti wa miaka 16. Niliporudi sufuria inatoa moshi wa buluu, na ndani mna kitu cheusi kinachopumua.

Mama alipofika uani harufu ilikuwa imeshampokea njiani. Hakunipiga. Hakunitukana. Alitua ndoo, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuikwangua ile sufuria kwa kijiko. Krr, krr, krr. Jioni tulifuturu kwa tende moja moja na kaimati kavu, na kila mtu akasema ni tamu. Mwanangu, nimesahau mambo mengi ya mwaka ule. Mlio wa kijiko kile sijausahau.

Basi shira ni hivi. Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja. Koroga wakati maji bado baridi, mpaka chembe zote ziyeyuke. Ikianza kutokota, toa mwiko. Uweke mbali kabisa, usiushike. Ukikoroga shira inayotokota unairudishia chembe zilizoganda ukingoni mwa sufuria, na chembe moja ikiingia huwaita wenzake, shira yote ikageuka mchanga. Kamulia ndimu nusu. Hiyo ndimu si ya ladha tu. Uchachu wake huivunja sukari ikawa sukari mbili nyingine, glukosi na fruktosi, na zikichanganyika hizo kuganda huwa kugumu. Mama hakujua majina hayo. Alisema tu, "Ndimu huituliza."

Moto uwe wa wastani. Baada ya muda mapovu makubwa yenye kelele huwa madogo na mazito, sauti inashuka. Hapo chota tone kwa kijiko, lidondoshe kwenye sahani, lipoe kidogo usije ukaungua. Libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha vidole taratibu. Likivuta uzi mmoja usiokatika upesi, epua. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kutumbukiza kipimajoto hapo, kikasoma kati ya nyuzi 105 na 110. Nilipenda sana siku ile, maana Kiswahili chetu kumbe kilishajua: joto twalipima kwa nyuzi, na shira twaipima kwa uzi. Ukiiacha ipande mpaka nyuzi 160 na kitu, inaanza kuwa hudhurungi. Ukizidi hapo ni uchungu, na uchungu haurudi nyuma. Muulize wa mwaka 1982.

Kaimati zenyewe ni kitu rahisi. Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, mtindi vijiko viwili vikubwa, maji ya uvuguvugu mpaka unga uwe mzito kuliko uji na mwepesi kuliko wa maandazi. Maji yakiwa ya moto sana, yakipita nyuzi 60, hamira inakufa, na maiti haiumui unga. Chovya kidole. Kikistarehe, na hamira itastarehe. Kisha uchape ule unga kwa mkono, uupige kutoka chini kwenda juu mpaka uvutike na kutoa malengelenge. Funika. Nenda zako.

Hiyo "nenda zako" ndiyo iliyonishinda miaka mingi. Nilikuwa nafunua kila baada ya dakika tano kuangalia kama unga umeumuka. Kila ukifunua, joto linatoka. Nilikuwa mimi ndiye ninayeuchelewesha, halafu nalalamika unachelewa.

Ukishaumuka mpaka kukaribia mara mbili, usiuchape tena. Chota kwa mkono wa kushoto, ukamue utokeze juu ya ngumi, uukate kwa kijiko kilicholowa maji, udondoshe kwenye mafuta ya moto wa wastani. Zikielea, zikoroge bila kupumzika ziive pande zote. Kaimati ziwe za moto, shira iwe vuguvugu. Zote mbili zikiwa za moto, kaimati zitalegea.

Jina la kaimati lilitoka Uarabuni. Luqma kwa Kiarabu ni tonge, na Waarabu wa Ghuba huziita luqaimat, vitonge vidogo. Katika kitabu cha mapishi alichoandika Muhammad al-Baghdadi, Baghdad, mwaka 1226, zimo: unga ulioumuka, umekatwa vipande vidogo kama kokwa, umekaangwa kwa mafuta ya ufuta, umechovywa kwenye shira. Karibu miaka 800, mwanangu. Nilipolisoma hilo nilimfikiria binti fulani wa Baghdad aliyeunguza sukari ya mama yake. Lazima alikuwepo.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukadhani kupika vitamu ni kuacha tu. Kuna vyakula vinavyotaka utoe mkono, na kuna vinavyotaka usitoe hata kidogo. Kazi ni kuvijua kipi ni kipi. Mimi kwa muda mrefu nilivichanganya.

Chukua kashata za nazi. Nazi mbili zilizokunwa, sukari vikombe viwili, maji kidogo, iliki. Hizi ukiziacha zinashika chini mara hiyohiyo. Unasimama juu yake, unakoroga mpaka mkono uume, mpaka zianze kujitenga na sufuria. Mimina kwenye sinia ulilopaka mafuta, tandaza, na ukate zikiwa bado na joto. Ukingoja zipoe ndipo ukate, zitavunjika vipande kama vigae.

Na halua ndiyo zaidi. Dada yangu aliolewa Maskati, na nilipokwenda kumtembelea nilitaka kuiona inavyopikwa. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mwenye masufuria makubwa ya shaba. Wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, maji ya waridi, lozi. Mwiko wake mrefu kama kasia. Alisimama akaukoroga ule uji kwa zaidi ya saa mbili, hakukaa, na watoto wake wa kiume wakawa wanapokezana naye. Nikamwuliza, yeye na mimi tukisaidiana Kiswahili na Kiarabu, unajuaje kuwa imeiva? Akasema, mwiko unakuwa mzito, kisha unakuwa mwepesi. Ndivyo. Samli inapoanza kutoka juu, halua inaacha kushika. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu fundi wa halua niliyemjua Unguja aliwahi kuniambia vilevile. Halua ni kamba moja inayofunga Oman na Unguja tangu masultani wahamishie makao yao huku karne ya 19. Kule huileta na kahawa isiyo na sukari, kwenye vikombe vidogo. Nasi pia.

Na wewe mwanangu wa kiume, usiondoke. Mzee yule alikuwa mwanamume. Wakaanga mihogo na bajia wa barabarani wengi ni wanaume. Sambusa haikuulizi wewe ni nani.

Tuje kwenye sambusa, maana ndizo mnazozipenda na ndizo mnazoziharibu. Kosa mlifanyalo nililifanya mimi. Nilikuwa natia vitunguu kwenye nyama ya kusaga ingali motoni, vinatoa maji, nafungia maji yale ndani ya manda, kisha natumbukiza kwenye mafuta. Maji yanakuwa mvuke, sambusa inapasuka, nyama inaelea, mafuta yanaruka. Aliyenionya ni jirani yetu, mama wa Kigujarati, ambaye alikuwa akiniona kwa dirisha lake nikiruka nyuma kila nikitia sambusa. Siku moja akavuka njia, akanawa mikono bila kusema kitu.

Akanionyesha. Nyama uikaushe motoni na bizari, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mpaka isisikike kuchemka, ila kukaangika. Kamulia ndimu. Epua, iache ipoe kabisa. Ndipo utie vitunguu vibichi ulivyovikata vidogo sana, na giligilani. Vitabaki vikitafunika. Na manda: usisukume moja moja. Sukuma madonge manne kama chapati ndogo, paka mafuta na unga katikati, yapange moja juu ya jingine, kisha yasukume yote pamoja yawe chapati moja pana, nyembamba. Yababue kidogo kwenye chuma kisicho na mafuta, pande zote. Yabandue yakiwa na joto. Yatatoka manne, membamba kama karatasi. Nilimtazama kama aliyefungua mlango ambao siku zote nilidhani ni ukuta.

Alikuwa anachekea jina tu. Kwao samosa, kwetu sambusa, Uarabuni sanbusak, na mzizi wake ni Kiajemi. Zimo pia katika kitabu kile cha Baghdad. Tulikuwa tunabishana nani kazipata kwa nani, huku tunakunja.

Vitu vya haraka vipo pia, usikate tamaa. Siku umechoka kweli, chukua ndizi mbivu, zimenye, zikate kwa urefu, zichemshe kidogo kwenye tui jepesi, malizia na tui zito, sukari kijiko, iliki mbili ulizozitwanga. Usifunike tui zito likichemka, litakatika. Robo saa umekula. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wenye samli na, pembeni, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari za ndimu, pilipili na maembe. Pwani hii wageni hawakuanza kula leo.

Lakini vitumbua havina njia ya mkato. Hapa naomba unisikilize.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu mama mkwe alikuja kututembelea. Nilitoka kazini saa kumi, naye anafika magharibi. Nikanunua unga wa mchele dukani, nikachanganya na tui, nikazidisha hamira ili iende mbio. Juu vilipendeza, vimejaa. Ndani vilikuwa na chenga na vinanuka hamira. Mama mkwe alikula vitatu. Nakumbuka vilikuwa vitatu kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa hofu. Akasema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Usiku, watu wamelala, nikasikia maji jikoni. Nikamkuta anaosha mchele kwenye bakuli. Hakuniambia chochote kuhusu vile vitumbua. Alisema tu, "Nimeona mchele wako ni mzuri, nikasema niuloweke."

Alfajiri tulisaga pamoja. Mchele vikombe viwili uliolala majini usiku kucha ukibonyezwa kwa kucha unavunjika wenyewe. Punje imeshiba maji mpaka moyoni. Ukiusaga na kikombe kimoja cha tui, unakuwa laini kama maziwa. Ukitia ngumi ya wali uliopikwa, vitakuwa laini zaidi. Sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki. Uache uumuke. Chuma chako kikiwa kipya, kipake mafuta ukipashe moto mara kadhaa kabla ya kukipikia, ama sivyo vitumbua vitashika na utalia. Moto uwe mdogo. Kitumbua hakigeuzwi mpaka kingo zimejikunja na kuachia zenyewe. Ukikilazimisha, kinapasuka katikati.

Chuma kile chenye vishimo utakikuta hata India ya kusini, wanapikia paniyaram za mchele. Utakikuta Denmark, wanapikia vya ngano vyao wakati wa Krismasi. Watu walio mbali namna hiyo, na wote wamesimama wanangoja kingo zijikunje.

Sasa nikueleze jambo ambalo linaniuma, na ndilo lililonifanya nikuite mezani.

Nina binti mmoja. Alipokuwa na miaka saba alikuwa anakuja kila nikiwasha jiko. Anasimama mlangoni, kidole mdomoni. "Mama, nikusaidie?" Nami nina madaftari 90 ya kusahihisha, kesho saa moja na nusu niko darasani. "Toka mwanangu, utanichelewesha." Alitoka. Akarudi siku nyingine. "Toka." Mara ngapi sikuhesabu. Ikafika siku akaacha kuuliza. Mimi niliyefundisha watoto wa watu wasiohesabika kukanda unga, wa kwangu nilimtoa jikoni ili nisichelewe kwenda kuwafundisha hao.

Leo yuko Uingereza, ana watoto wawili. Ramadhani moja alinipigia simu ya video, unga mpaka kwenye nyusi, sufuria jikoni. Akaniuliza, "Mama, shira dakika ngapi?"

Ningeweza kumwambia kumi. Nilitamani sana kumwambia kumi. Lakini niliyaona mapovu yake kwenye kioo cha simu, bado makubwa, bado yana kelele, nikajua kumi hazitamfaa. Nikamwambia, vuta kiti, tukae. Akasema ana haraka, adhana huko imekaribia. Nikamwambia, najua. Tukakaa. Alibana tone, likakatika. Tukangoja. Likakatika tena. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, nikamwona. Nikasema, "Mwite huyo." Binti yangu aligeuka, akanyamaza kidogo. Nadhani alikumbuka kitu. Akamwita. Mara ya nne, yule mtoto ndiye aliyebana tone. Akaachanisha vidole vyake vidogo mbele ya kioo cha simu, na uzi ukaja, mwembamba, unang'aa kwa taa ya jikoni kwao, ukakaa.

Hawakuwahi adhana. Walifuturu kwa tende na maji, kaimati wakala baada ya sala.

Basi mwanangu, mchele wa kesho nimeshauloweka, uko kwenye lile bakuli la buluu chini ya kawa. Nazi mbili zipo, mbuzi ya kukunia nimeiosha. Njoo kabla jua halijatoka. Mlango wa uani sitaufunga. Nawa mikono, vuta kigoda, anza kukuna, mimi nitakuwa namalizia sala.